Dalali anasema metro inakuja Coimbatore: tulipe kilemba?

"Mimi ni Mtanzania, nimeolewa Coimbatore, kusini mwa India, huu mwaka wa sita. Mimi na mume wangu tumedunduliza fedha za kufungua duka la vitambaa na ushonaji. Dalali ametuonyesha fremu Avinashi Road, karibu na Hope College, na anataka kilemba kikubwa (fedha ya kupewa fremu, mbali na pango) kwa sababu, anasema, stesheni ya metro, yaani treni ya mjini, itakuwa hatua chache kutoka mlangoni. Lakini Novemba 2025 tulisoma kwamba serikali kuu imeikataa metro ya hapa kwa kuwa mji una watu pungufu ya laki 20. Mume wangu anasema hiyo ni siasa tu, itajengwa. Wakwe zangu wanasema metro za miji ya kadiri zinatembea tupu. Mimi sijui nimsikilize nani. Metro huamuliwaje hasa? Na kwa nini wasiweke mabasi ya mwendokasi kama Dar wakamaliza? Tulipe au tusilipe?"

Dada, nianze na la mwisho kwa sababu ndilo linalogusa mfuko: msilipe kilemba cha stesheni. Kama fremu ile ina thamani kwa wateja wanaopita leo, lipeni thamani ya leo. Mengine yaliyomo kwenye barua yako yanahitaji maelezo marefu, maana kila mtu nyumbani kwenu ameshika kipande cha ukweli, na dalali naye ameokota kile kinachomfaa.

Tuanze na laki 20. (Neno lenyewe "laki" tulilipata kwa hao hao wakwe zako, kwa hiyo hesabu zao hazikupi shida: ni milioni 2.) Wizara ya nyumba na miji kule Delhi ilirudisha maombi ya Coimbatore na ya Madurai, mji mwingine wa jimbo lenu, kwa pamoja, ikitaja Sera ya Metro ya 2017 na sensa ya 2011, ambayo iliipa manispaa ya Coimbatore watu wapatao laki 15.8. Wengi waliisoma habari ile kana kwamba kuna mstari umechorwa: ukiufikia unapewa, usipoufikia hupewi. Mambo hayakwenda hivyo kwingine. Agra, kwa sensa hiyo hiyo, ilikuwa na watu karibu sawasawa na Coimbatore, na metro yake inabeba abiria tangu Machi 2024. Patna haikufika laki 17, na ilizindua yake Oktoba 2025. Waziri kiongozi wa jimbo lenu la Tamil Nadu wakati huo, M. K. Stalin, alilalamika kwa hoja hiyo hiyo. Tena ukiihesabu Coimbatore pamoja na vitongoji vilivyoshikamana nayo, sensa ile ile ya 2011 ilishapita laki 21. Na ni sensa ya zamani mno: ya 2021 haikufanyika, inayofuata ni ya 2027.

Kwa hiyo mume wako hajakosea kunusa siasa. Alipokosea ni kudhani siasa ndiyo peke yake iliyomo. Wizara ilikuwa na sababu nyingine ambazo magazeti yalizipita mbiombio, na mimi naziona nzito kuliko idadi ya watu: kwamba safari za wakazi wa Coimbatore ni fupi, kilomita 6 hadi 8 hivi, kwamba baadhi ya sehemu zilizopangiwa stesheni barabara ni nyembamba mno, na kwamba makadirio ya abiria yalikuwa makubwa kupita yale ambayo Chennai yenyewe, jiji kubwa la jimbo, inabeba kwenye njia ndefu zaidi. Hebu tukae kidogo hapo kwenye safari fupi, kwa sababu metro nyingi huponea hapo au huzama hapo.

Katika kazi yangu ya kupanga usafiri wa miji, swali la kwanza si mji una watu wangapi. Ni wangapi wanaelekea upande mmoja, kwenye njia moja, ndani ya saa moja ile iliyobanana zaidi. Mji wa watu milioni 3 waliotawanyika kila upande unaweza usiwe na hata njia moja inayostahili reli. Mji wa milioni moja na nusu uliobanwa kati ya bahari na milima unaweza kuwa nayo. Chukua basi lenye watu 70. Yakipita mabasi kama hayo kila dakika moja, saa nzima umebeba watu 4,200 kwenda upande mmoja. Sasa chukua treni ya metro ya Kochi, jirani yenu hapo Kerala, yenye mabehewa matatu na nafasi ya watu 975, wengi wao wamesimama. Zikipita kila dakika 3 umebeba 19,500. Hakuna basi la kawaida linaloweza hivyo. Lakini zikipita kila dakika 7 au 8, kwa sababu abiria wenyewe hawatoshi, umerudi kwenye 7,800, na hapo ni kama kila nafasi imejaa. Nguzo, umeme, walinzi, ngazi za umeme na riba ya mkopo hazipungui hata kidogo. Reli hudai gharama ile ile, ijae au isijae.

Sasa ingia kwenye miguu ya abiria mmoja. Tuseme ni mwanamke anayekaa ndani kidogo ya Peelamedu na anafanya kazi Gandhipuram, kilomita 6 au 7. Kwa metro: dakika 10 kutembea hadi stesheni juani, dakika 3 kupanda na kukaguliwa mkoba, 4 kusubiri, 12 ndani ya treni, kisha kushuka na kutembea tena 10. Jumla karibu dakika 40. Kwa skuta iliyoegeshwa mlangoni kwake: dakika 25, na 35 siku ya foleni. Na kama hana skuta, Tamil Nadu imewaachia wanawake mabasi ya kawaida ya mjini bure tangu Mei 2021. Wewe mwenyewe nadhani unayapanda. Treni ingeshinda vizuri tu kama angekuwa anasafiri kilomita 18, kwa sababu zile dakika 27 za kutembea, kupanda na kusubiri hazibadiliki, ila mwendo wa ndani unafidia. Kwenye kilomita 6 hazifidiki. Ndiyo maana wizara ilipoandika "safari fupi" haikuwa inatafuta kisingizio.

Wakwe zako wanaposema metro za miji ya kadiri zinatembea tupu, nadhani wameisikia Kochi, na wameisikia kwa habari za miaka ya mwanzo. Ile ndiyo ninayoijua vizuri, kwa hiyo niruhusu nikae nayo.

Kochi ilipata kibali cha Delhi 2012, ujenzi ukaanza 2013, na treni ya kwanza ilibeba abiria Juni 2017, kutoka Aluva hadi Palarivattom, kilomita 13. Ilipendeza kweli. Stesheni nyingi zilikabidhiwa wanawake wa Kudumbashree, ule mtandao wa vikundi vya akina mama wa Kerala, kukata tiketi na kufanya usafi. Bustani ziliotesha majani kwenye nguzo. Lakini abiria! Taarifa ya mradi ilikuwa imetabiri zaidi ya laki 3 kwa siku. Mwaka wa kwanza na wa pili walipanda kwa makumi ya maelfu tu. Baada ya njia kurefushwa kidogo kidogo, hadi Thrippunithura Machi 2024, jumla kilomita 28 na stesheni 25, idadi imepanda ikawa inakaribia laki moja, na siku nyingine huipita. Si tupu. Ila ni chini ya theluthi ya ahadi.

Kwa nini? Nilishuka siku moja Edappally, stesheni iliyo mlangoni mwa duka kubwa la Lulu. Treni ilikuwa safi, baridi, imefika kwa dakika yake. Nilikuwa naelekea mahali pasipozidi kilomita 2 kutoka pale. Chini ya ngazi walisimama madereva wa bajaji watano wameegemea chuma, na wa kwanza akanitajia bei inayozidi nauli niliyolipa kutoka Aluva. Hapakuwa na basi la kunisogeza upande ule, na njia ya miguu iliishia kwenye mtaro uliokosa mfuniko. Mama mmoja nyuma yangu, mwenye mtoto na mfuko wa mboga, hakujisumbua hata kuuliza bei. Alitoa simu na kumpigia mtu aje na pikipiki. Nilijiuliza kama kesho yake huyo mtu hatamchukua kutoka nyumbani moja kwa moja, treni isimwone tena.

Wenyewe wanalijua hilo. Uwanja wa ndege wa Kochi uko mbele ya Aluva, nje ya reli, na Januari 2025 kampuni ya metro ilizindua mabasi madogo ya umeme 15 ya kuunganisha stesheni na sehemu kama hizo. Hiyo ni miaka saba na nusu baada ya treni kuanza. Mabasi 15 ni fedha ndogo sana ukilinganisha na kilomita moja ya reli ya juu, na mimi sijawahi kuelewa kwa nini karibu kila mji huyanunua mwisho. Nadhani ni kwa sababu hakuna mwanasiasa anayekata utepe wa kituo cha basi.

Upande wa fedha nako kuna neno linalowachanganya watu. Mwaka wa 2022-23 metro ya Kochi ilitangaza faida ya uendeshaji kwa mara ya kwanza, rupia milioni 53 hivi, na mwaka uliofuata milioni 229. Watu wakashangilia. Faida ya uendeshaji maana yake nauli, matangazo na kodi za maduka ya stesheni vimelipa mishahara na umeme. Ukiweka riba za mikopo na uchakavu, hasara ya mwaka huo huo wa 2023-24 ilikuwa zaidi ya rupia bilioni 4. Hiyo si aibu, na metro chache duniani hulipa gharama ya kujengwa kwake kwa nauli. Ila mji lazima ukubali mapema kwamba atakayelipa ni mlipakodi, kila mwaka, kwa miongo.

Na kujengwa kwenyewe ni kugumu kuliko picha za rangi zinavyoonyesha. Kila nguzo ya reli ya juu inasimama juu ya mihimili ya zege iliyochimbiwa chini hadi ishike mwamba. Mashine ya kutoboa inasimama katikati ya barabara, imezungushiwa mabati, inatoa tope la kijivu usiku na mchana, na kati ya nguzo moja na nyingine ni mita 25 au 30 tu, kwa hiyo hesabu mwenyewe ni mashimo mangapi kwa kilomita. Kochi, mapema 2022, wakaguzi waliona nguzo nambari 347, karibu na Pathadipalam, imeanza kuyumba kidogo. Walipochimba wakakuta mihimili ya chini haijaufikia mwamba. Ikabidi waongeze mihimili mingine kuizunguka na treni zipite pale polepole hadi kazi iishe. Nguzo moja tu kati ya mamia, lakini ndiyo inayokuonyesha kwa nini kilomita 25 za mwanzo zilikadiriwa kugharimu karibu rupia bilioni 52, yaani bilioni 2 kwa kila kilomita, tena juu ya nguzo. Ukienda chini ya ardhi, zidisha mara mbili na zaidi. Ya Coimbatore ilikadiriwa rupia bilioni 107.

Fedha hizo kwa kawaida hutoka hivi: serikali kuu kama sehemu moja ya tano, jimbo kiasi kama hicho, na zaidi ya nusu ni mkopo, mara nyingi wa nje. Wa Kochi sehemu yake ilitoka Ufaransa. Ndiyo sababu kibali cha Delhi ni kikubwa hivyo. Hata hivyo mume wako ana karata moja ya kweli: Tamil Nadu ilianza kuchimba awamu ya pili ya Chennai kwa fedha na mikopo ya jimbo, na serikali kuu ikaja kuikubali baadaye, Oktoba 2024. Jimbo likiamua, linaweza kuanza. Lakini lile ni jiji kuu, na hata hivyo lilielemewa.

Sasa mwendokasi. Nakuelewa, mtu aliyewahi kupanda kutoka Kimara hadi Kivukoni anauliza swali la haki. Njia maalumu ya mabasi hugharimu sehemu ndogo ya metro na humalizika haraka. Ahmedabad imekuwa nayo tangu 2009 na inafanya kazi. Lakini miji mingi ya India iliijaribu ikaing'oa: Delhi 2016, Bhopal 2024, na Indore imefuata. Kosa si la basi. Njia ya basi inachukua nafasi ya gari barabarani mchana kweupe, na mwenye gari anaiona tupu kwa dakika mbili kati ya basi na basi, anakasirika. Reli iliyo juu ya nguzo haimnyang'anyi mtu chochote kinachoonekana. Kwa maoni yangu, miji ya kadiri hununua metro kwa sehemu kubwa ili kukwepa ugomvi huo. Kuna na njia ya kati. Serikali kuu ilichapisha viwango vya treni nyepesi, na vya mabasi marefu ya umeme yanayotumia nyaya, kwa njia za hadi abiria 15,000 na 8,000 kwa saa. Nashik ilitengewa fedha za hayo mabasi ya nyaya kwenye bajeti ya Februari 2021. Hayajajengwa.

Turudi kwenye fremu yenu. Avinashi Road imetoka kupata daraja la juu la kilomita 10, kutoka Uppilipalayam hadi Goldwins, lililofunguliwa Oktoba 2025, na linapita hapo hapo Hope College. Simama chini yake utazame: nguzo zake tayari zimekaa katikati ya barabara. Reli ikija lazima itafute nafasi pembeni, na pembeni ndiko zilikojipanga fremu. Dalali anakuambia stesheni itakuwa hatua chache kutoka mlangoni. Hakuambii kwamba ngazi ya stesheni inaweza kutua palipo mlango wenyewe.

Hata tukisema yote yakae sawa, kibali kirudi mwakani na ramani isiguse jengo lenu, tazama miaka. Kochi ilichukua miaka mitano kutoka kibali hadi treni ya kwanza, na karibu kumi na mbili hadi stesheni ya mwisho. Miaka mitatu au minne kati ya hiyo, mbele ya duka kuna ukuta wa mabati, vumbi na lori la zege, na hakuna pa kuegesha hata skuta. Duka la dawa huvumilia hilo, kwa kuwa mgonjwa atakuja tu. Fundi hapati huruma hiyo. Mteja wako anashuka na kitambaa mkononi, anarudi kupimwa, anarudi tena kuchukua, akikukuta umefichwa nyuma ya bati anaenda kwa fundi wa mtaa wa pili. Nimeona maduka yakifungwa miaka miwili kabla ya treni ile ambayo wenyewe walilipia kilemba.

Nisiwe mchungu tupu. Maeneo ya stesheni hupanda thamani kweli, na mwenye jengo hufaidi. Mpangaji hufaidi tu kama mkataba wake unamlinda asipandishiwe pango siku treni ikifika. Wewe ndiye mpangaji.

Kwa hiyo, kabla ya kusaini, kuna mambo ambayo barua yangu haiwezi kuyafanya na inabidi mtu aketi nanyi ana kwa ana. Mtafuteni wakili wa mambo ya ardhi wa hapo hapo Coimbatore, asiwe yule wa dalali. Mwulizeni kuhusu usajili wa mkataba: mnajua ile mikataba ya miezi 11 iliyozoeleka huko, watu huipenda kwa sababu mkataba unaozidi mwaka lazima usajiliwe, lakini siku ardhi ikitwaliwa, mpangaji asiye na mkataba uliosajiliwa anaweza kukosa karatasi yenye nguvu ya kuonyesha. Mwulizeni pia fidia ya mpangaji ni ipi, mbali na ya mwenye jengo, na kama hadhi yako ya ukaazi inakuruhusu wewe kuandikwa kwenye biashara au liwe jina la mume peke yake. Na ramani ya mradi muiombe ofisini kwenye taasisi inayohusika, msitegemee picha iliyopigwa kwenye simu ya dalali. Kama jengo ni la zamani na lina nyufa, mhandisi alitazame kabla ya mashine ya kutoboa haijaja, apige na picha zenye tarehe.

Halafu mfanyieni dalali jaribio moja dogo. Mwambieni mko tayari kulipa kilemba chote, kwa sharti liandikwe kwenye mkataba kwamba kibali cha stesheni kisipotoka ndani ya miaka mitatu, nusu inarudi. Msimbishie kitu. Mkaribisheni chai, mtazame kama anaomba kalamu au anaanza kuwaonyesha fremu nyingine.